Kingamwili Kwenye Kidole cha Evangelina

Jumanne asubuhi kichupa cha kingamwili kilifika Rumonge kwa basi dogo kutoka Bujumbura, kimefukiwa kwenye barafu ndani ya sanduku jeupe. Evangelina, fundi wa maabara ya samaki, alitia sahihi, akalibeba sanduku kwa mikono miwili. Kingamwili ile ilikuwa na kazi moja tu: kuitafuta protini ambayo seli huiamsha inapojiua, kushikamana nayo na kuionyesha kwa rangi ya kahawia. Maabara ilitaka kujua kwa nini maini ya samaki wanaovuliwa karibu na kiwanda cha sabuni yalikuwa yanalainika kama uji.

Alipokuwa akikifungua, kichupa kilipasuka kikamchana kidole cha shahada. Dawa yote ikaingia kwenye jeraha. Evangelina akanawa, akakandamiza mpaka damu ikakoma, akaandika kwenye daftari kwamba kingamwili imeharibika.

Alipotoka kazini alipita kumsalimu jirani yake Kadidja, ambaye huosha mapipa pale kiwandani. Wakapeana mikono. Baada ya dakika kumi alama ya kidole ilijitokeza kwenye kiganja cha Kadidja, kahawia kama chai ya rangi. Kadidja akaisugua kwa majivu. Haikutoka.

"Hii iko nini, dada?"

"Ni kingamwili. Inaonyesha mahali seli zinajiua."

"Seli za mimi?"

"Kila mtu anazo, ila ni chache, hazionekani. Zako ni nyingi."

Kadidja akauvuta ungo wake, akaanza kuchambua mchele.

Evangelina alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko alizoea kutoliamini jambo mpaka alihakikishe mwenyewe. Kesho yake alipanda basi hadi Muhuta, mbali na kiwanda, akawapa mikono wauza mihogo ishirini. Hakuna aliyepata alama. Akarudi Rumonge, akaanzia pale bomba la kiwanda linapomwaga maji ya kijivu ziwani, akapita nyumba kwa nyumba akisalimia. Karibu na bomba rangi ilikuja kabla hajauachia mkono. Kadiri alivyokwenda mbali, ndivyo ilivyofifia. Akachora ramani, akaandika ripoti ya kurasa sita.

Mkuu wake, Revokatus, aliisoma yote bila kuruka mstari.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Lakini projet, mradi wetu, inasema samaki. Watu hawamo."

"Chef, maji ni yale yale."

"Ninajua. Na mimi ninakaa kule karibu na bomba."

Akakifunua kiganja chake. Kilikuwa na alama tangu aliposalimiana naye asubuhi, na ilikuwa imekolea. Kisha akaifungia ripoti kabatini, akamuuliza kama amekwisha kula.

Habari ilienea hata hivyo. Wageni waliokuja kukagua kiwanda mwezi uliofuata waligawiwa glavu langoni, ili salamu za Evangelina zisiwaletee usumbufu. Wafanyakazi wenye alama waliambiwa wakapumzike nyumbani, na nafasi zao wakapewa watu wa Kabezi, ambao mikono yao ilikuwa bado safi. Bomba halikuguswa.

Kadidja alikuwa miongoni mwa waliopumzishwa. Siku ya tatu alikuja kwa Evangelina na kitinda mimba wake, Abdoulkarim, wa miezi minane.

"Umuguse," alisema.

"Nikimgusa haitafutika, Mama Abdoul. Atakua nayo."

"Ninajua. Ninataka kujua tu."

Evangelina alichagua kisigino, mahali ambapo kiatu kingeweza kuficha. Alikibonyeza kidogo, mtoto akacheka kwa kutekenywa. Wakakaa mkekani kusubiri dakika kumi. Walizungumza juu ya mvua iliyochelewa na juu ya dada yake Kadidja aliyeolewa Nyanza-Lac. Kwenye dakika ya nne Evangelina alikiangalia kisigino, akainamisha macho, na Kadidja akajua hana haja ya kungoja zaidi. Akakigeuza kisigino kwenye mwanga, akakitazama, akakifunika kwa kanga.

"Murakoze, dada," alishukuru.

Alimfunga mtoto mgongoni, akamkaza vizuri. Kisha akachukua dumu lake la njano aliloliacha mlangoni, akateremka ziwani, akachota maji ya kupikia hatua chache kutoka kwenye bomba, kwa kuwa mtaa ule hauna maji mengine.