Kishada Chenye Namba Mlangoni

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, mimi Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kuijenga Upya Timu ya Besiboli ya Umeme wa Bellevue, Johannesburg, nawatangazia wachezaji, wapenzi na maadui wa timu kwamba uchunguzi wa kina umekamilika, na kwamba maamuzi yafuatayo hayatakatiwa rufaa.

Mamlaka hayo nilijikabidhi mwenyewe. Kamati ilikuwa na mjumbe mmoja, wa miaka kumi na sita, aliyekalia ndoo tupu ya rangi nyuma ya nyumba na vidole vyake vimejaa mafuta ya maandazi. Katibu alikuwa paka.

Naitwa Fahad. Nasoma shule ya bweni Lushoto, na kila Juni napanda basi siku tatu kuja likizo kwa mama yangu, Mayasa, anayeshona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya familia moja yenye piano. Siku hizi ina familia saba na haina piano. Shuleni nilijulikana kwa matangazo. Muhula uliopita nilibandika moja lenye muhuri wa mkuu wa shule, uliochongwa kwa kiazi, likisema maharage yamefutwa rasmi. Bweni zima lilishangilia mpaka saa saba mchana, maharage yalipopakuliwa. Baada ya hapo nilifagia uwanja wiki mbili.

Besiboli tulifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, na mimi ni mpenzi wa mchezo huo kuliko inavyofaa kiafya. Umeme nimeifuatilia kutoka Lushoto kwa picha za daftari la kocha, ambazo mama hunitumia kwenye simu ya mlezi wa bweni. Jina la timu linaifaa, maana kama umeme wa mji huu, hukatika katikati ya shughuli. Msimu uliopita ilicheza mechi kumi na nne ikashinda mbili, na mojawapo ni kwa sababu wapinzani walipotea njia.

Sasa ulikuwa wakati wa baridi, ligi imelala, na kila mtu alikuwa na maoni. Wengi walitaka aletwe mpigaji mwenye mabega. Kila baada ya msimu mbaya watu hutaka mabega. Kocha Othmani, dereva wa mizigo aliyeanza kucheza akiwa shuleni Dar, alisema wazi kwamba wachezaji wanne watatolewa kabla ya Septemba ili vijana waingie, na jina la kwanza lililotajwa mitaani lilikuwa la Burhani, mdakaji wetu. Walisema magoti yake yamekwisha.

Kamati ilipinga kwa kauli moja. Timu hujengwa kuanzia katikati. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mrushaji mbele yake, mtu mwepesi kati ya kituo cha pili na cha tatu, na mkimbiaji kule nyuma kabisa katikati ya uwanja: ukichora mstari kupitia hao wanne umechora uti wa mgongo. Pembeni weka yeyote. Weka hata Njoroge wa benki ya Sandton, ambaye mpira humkuta akisoma ujumbe kwenye simu. Lakini uti wa mgongo hauguswi. Burhani ana magoti mabovu, ndiyo, lakini ndiye pekee anayeuona uwanja mzima usoni, na mrushaji anayemrushia yeye hurusha kama ametulizwa na mzazi.

Uti huo wote uliishi nyumbani kwetu. Burhani, fundi wa kuchomelea mageti, alikaa chumba cha pili na mkewe Zabibu na watoto wao wawili. Pitchou, kinyozi mwepesi kutoka Kongo, alikaa ghorofani na mke na watoto wanne. Duni wa Unguja, mkimbiaji wetu, alikaa peke yake kwenye kibanda cha uani. Mrushaji wa kutegemewa hatukuwa naye, lakini Kamati, baada ya kutafakari kwa unyenyekevu, iliona kwamba wa baadaye angetoka chumba cha mbele, akimaliza kidato cha nne.

Jumapili wote walikwenda harusini Mayfair. Mimi niliumwa tumbo, kwa makusudi. Nilichukua chaki nyekundu ya mama ya kuchorea vitambaa, nikapita mlango kwa mlango. Kwenye kila mlango wa wateule nilichora uwanja wetu, pembe nne iliyosimama kwenye ncha, mfano wa kishada wanachorusha watoto, na ndani yake namba. Sikuandika jina wala neno. Tangazo lisilo na maneno, nilijiambia, lina heshima zaidi. Nilipanga wakirudi washangae kidogo, kisha nitokee na kusoma ripoti.

Inabidi niseme Juni ile ilikuwaje. Majani makavu yalikuwa yakiungua pembezoni mwa mji na hewa ilinuka moshi tangu asubuhi. Wiki iliyotangulia kundi la watu wenye filimbi lilipita mtaa wa tatu kutoka kwetu, likisimama mbele ya kila spaza, yale maduka madogo ya mitaani, na kuuliza nani mwenyewe na katoka nchi gani. Hawakumpiga mtu. Walisema tu watarudi. Haya niliyajua. Ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika: niliyajua, na sikuyahusisha na chaki.

Walirudi saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa. Niliwasikia getini wakicheka, Zabibu akimwigiza bibi harusi anavyotembea. Kicheko kikafika kwenye korido kikaisha.

"Burhani," alisema Zabibu. "Njoo uone."

Kisha ghorofani Pitchou akapiga kelele: "Eh! Na kwangu wamechora! Sita! Banajua tuko batu sita!"

"Kwetu mbili," Zabibu alisema taratibu, na kuwavuta watoto wake karibu, mmoja kila upande.

"Mimi niko peke yangu, kwangu nane," alisema Duni kutoka uani. "Nane ya nini?"

Burhani alikuwa amepiga goti mbele ya mlango wake mwenyewe, mlango wa chuma aliouchomelea kwa mikono yake, akiitazama alama bila kuigusa. "Tarehe," alisema. "Tarehe nane mwezi ujao."

Ripoti ilikuwa mfukoni mwangu, kurasa tatu. Nilifungua mdomo. Pitchou akashuka ngazi akisema, "Mwenye kufanya hii, nikimupata, mkono wake nitaukata na mashini ya kunyolea." Nikafunga mdomo. Nikajiambia nitasema kesho, wakipoa.

Hawakupoa. Jumatatu asubuhi spaza ya kona ilifunguliwa nusu mlango. Pitchou aliwapeleka watoto kwa shemeji yake. Mama aliacha kuimba akishona, akawa ananiuliza niko wapi hata nikiwa chooni. Alama ya mlango wetu sikuiona tena, nikadhani wateja wameifuta kwa mabega.

Ndipo nikafanya kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza kwa sababu nililifanya kwa akili timamu. Duni alipokwenda kazini mjini, nililowesha kitambaa nikafuta alama ya mlango wake. Niliwaza nitafuta moja leo, nyingine kesho, na jambo lote litafifia kama ndoto.

Duni aliporudi hakupiga kelele. Alimwita Burhani, wakasimama wawili wakitazama mlango mtupu.

"Mtu ameingia humu mchana," alisema Duni. "Geti limefungwa, na ameingia."

"Kwa nini wafute?" Zabibu aliuliza.

"Wameshanakili," alisema Burhani. "Hawaihitaji tena."

Usiku Duni alihamia kwa binamu yake Yeoville. Jumanne, tukiwa jikoni, Burhani alinieleza jambo ambalo sikumuuliza. Mwaka aliofika nchi hii alikaa mji mwingine. Kabla ya fujo za kuwafukuza wageni, kijana mmoja mpole alikuwa akipita vyumbani akiuliza nani anakaa wapi, wako wangapi. Aliwasaidia hata kubeba maji. Siku ya fujo, watu walikwenda moja kwa moja kwenye milango ile, bila kukosea hata mmoja. Burhani alilala kwenye ukumbi wa kanisa wiki tatu, akiwa na viatu visivyolingana.

"Zabibu hajui nilivyokimbia," alisema. "Alikuja baadaye. Nilimwahidi asingeona." Akaosha kikombe chake, akakiosha tena. "Alhamisi tunapanda basi. Tunarudi Tanga."

"Na timu?" nilisema. Nilijisikia nikilisema.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mvua ya mwaka jana. "Timu mtaijenga upya," alisema. "Si walisema magoti yangu yamekwisha?"

Nilipaswa kusema pale pale, tulikuwa wawili tu na mlango umefungwa. Nilisema, "Pole, kaka Burhani." Kamati haikuwa na neno lingine.

Alhamisi saa nne asubuhi bakkie, pikapu ya rafiki yake, ilisimama getini. Basi lingeondoka saa sita. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba. Vyombo vya Zabibu vilikuwa ndani ya ndoo mbili. Juu ya yote palikuwa na mkoba wenye glovu ya mdakaji, ile pana iliyopasuka kidoleni. Watoto walikaa juu ya godoro wamevaa makoti mawili mawili. Mtaani kulikuwa kimya, na kila filimbi ya mbali, hata ya muuza magazeti kwenye robot, taa za barabarani, iliwafanya watu wageuze shingo.

Ndipo Kocha Othmani akaingia uani, ametoka safari ya Musina, daftari lake kwapani.

"Shikamoo, kocha," nilisema.

"Marahaba. Mbona nyumba kama ya msiba?"

"Kaangalie mlango wangu," alisema Burhani, "kisha uniulize."

Othmani alikwenda. Alikaa mbele ya mlango ule muda mrefu. Alikwaruza chaki kwa ukucha, akanusa. Alipanda ngazi kwa Pitchou, akashuka. Duni alikuwa amekuja kuaga, kocha akamgeukia.

"Wewe ulikuwa namba ngapi?"

"Nane. Ilifutwa Jumatatu."

"Mbili. Sita. Nane." Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa mechi ya mwisho, mahali kila mchezaji anapoandikwa kwa namba ya nafasi yake uwanjani. Uso wake haukubadilika. "Nani ana moja?"

Niliitazama miguu yangu. Mama yangu akatokea mlangoni na futi yake ya kitambaa shingoni.

"Sisi," alisema. "Niliifuta Jumapili ile ile kabla mtu hajaiona. Sikutaka Fahad aione. Nilijua maana yake." Akaishika futi kwa mikono yote miwili. "Nina mtoto mmoja."

Siku nne alikuwa na jambo hilo kifuani, akinipikia, akinikunjia blanketi, akihesabu hatua zangu mpaka chooni. Sikujua.

Othmani hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Fahad. Anayekimbia nyuma kabisa katikati, daftarini anaandikwa namba gani?"

"Nane, kocha."

"Anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu?"

"Sita."

"Mdakaji?"

Burhani aliacha kamba aliyokuwa akiifunga. Pitchou alishuka ngazi moja, akasimama.

"Mbili," nilisema.

"Na mrushaji sikuulizi, maana huyo hata chaki ameitoa nyumbani kwake." Akafunga daftari. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye." Akamwonyesha Zabibu, aliyekuwa ameshika ufunguo wa chumba, tayari kumkabidhi mama.

Nilimgeukia Zabibu.

"Ni mimi, Bi Zabibu. Nilichora Jumapili mlipokwenda harusini. Ya Duni nilifuta mimi. Hakuna mtu aliyeingia. Hakuna orodha, hakuna tarehe. Siku zote hizi ni mimi tu, na nilikuwa naona mnavyofunga mizigo, na nikanyamaza."

Mama alikaa chini kwenye kizingiti. Zabibu aliutazama ufunguo mkononi mwake, kisha akanitazama.

"Kwa nini mlango wetu?" aliuliza. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea," nilisema, na hapo nikaanza kulia, mbele ya Pitchou, mbele ya watoto, mbele ya kila mtu. "Walikuwa wanasema kaka Burhani atolewe. Niliwachora wale ambao timu isikubali waondoke. Nilitaka abaki."