Namba Niliyoiandika kwa Mkono

"Futa programu, uiweke upya," nilimwambia Mama Generosa mara tu alipopokea simu.

"Sifuti," akajibu. "Humu mna kaya sitini na tatu. Nimezizungukia Gulwe yote kwa miguu. Nikifuta, zitabaki?"

Hazingebaki, lakini hilo sikulisema.

Mwaka ule simu za Kichina zilikuwa zimejaa madukani Dodoma, na mimi Ambokile wa Nzuguni, mtu wa laptopu moja na kiburi cha watu kumi, nilikuwa nimetengeneza programu ya kuandikisha kaya za kupewa vyandarua. Jumatatu nilitoa toleo la tatu. Kompyuta ya ofisini niliiagiza ikatae majina kutoka toleo la zamani. Mama huyu, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa wa kwanza kuliweka, na wa kwanza kukataliwa: "Una toleo la 2."

"Mama, hujaweka jipya."

"Nimeweka. Nimeingia kwenye mipangilio, simu imeandika 3. Programu yako inasema 2. Mmoja wao mwongo."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaenda kwa bosi wetu, Bwana Abbasi, nikamwambia yule mama hajui simu. Akasema basi, orodha ya wahudumu inafungwa Ijumaa, atolewe, Gulwe isubiri mwakani.

Alhamisi ndipo nilipoliweka toleo la tatu kwenye simu yangu mwenyewe. "Una toleo la 2."

Lahaula! Nikafungua msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu. Badala ya kuiambia programu isome namba ya toleo lake kwenye simu, nilikuwa nimeiandika kwa mkono, 2, nikasahau kuibadilisha. Fundi mzima! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaiagiza kompyuta ipokee hiyo 2, na kaya zote sitini na tatu, ambazo simu ya mama ilikuwa bado inajaribu kuzituma, zikaingia.

Nikarudi kwa Bwana Abbasi.

"Asiyejua simu ni mimi," nikasema.

Akalirudisha jina la mama kwenye orodha. Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

 

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umenipigia mara tano wiki hii. Kumbe shikamoo unaijua?"