Kumpandisha Refa

Gari walilinunua pamoja, kaka na dada, na tangu siku ya kwanza kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Lilikuwa jipu la zamani, lenye pembe kama kabati na miguu mirefu, lililotengenezwa kwa ajili ya mito na mawe. Kaka alikuwa mpima ardhi na kazi yake ilikuwa maporini. Dada alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni kwake. Yeye alikubali kuchangia kwa sababu baba yao alikuwa amepata kiharusi na ilibidi apelekwe kliniki ya mazoezi wiki nenda wiki rudi, na madereva wa teksi walikuwa wameanza kutopokea simu zake.

Dada hakulipenda hata kidogo. Swichi za vioo hazikuwa mlangoni kama kwenye magari ya watu, zilikuwa katikati, kando ya gia, na kila alipotaka hewa alishusha kioo cha upande usio wake. Saa ilikuwa darini, kana kwamba anayeendesha hulala chali. Mlango wa nyuma ulibeba tairi la akiba na kufunguka kwa ubavu kama mlango wa chumba, tena kuelekea njia ya waendao kwa miguu, kwa hiyo kila alipoegesha pembeni aliuzunguka akiwa na mizigo mikononi. Alisema aliyeliita gari jipu hakukosea, maana linauma na halipasuki.

Kaka alikuwa na jibu la kila kitu. Swichi zimewekwa katikati, alieleza, ili ukivuka mto mlango ukaingia maji, zenyewe zibaki kavu. Dada akamwambia kwamba mto wa mwisho aliouvuka yeye mwenyewe ni maji ya kufulia ya jirani.

Baba yao alikuwa akisikiliza bila kuchangia. Watu walimwita Refa, hata wajukuu, kwa sababu kwa miaka mingi alichezesha mpira wa miguu na alisifika kwa mbio. Wachezaji vijana walikuwa hoi, yeye bado anakimbia kinyumenyume na filimbi mdomoni. Sasa mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzwa na mkono wa upande huo ulikaa tumboni kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine amshikie.

Kumpandisha ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Sakafu ya gari ilimfika mapajani. Kaka alimkumbatia kwa nyuma, dada akashika miguu, wakahesabu, wakamwinua, wakamsukuma ndani mpaka kiti kikampokea. Refa aligeuza uso upande mwingine kila mara, akatazama ukuta wa jirani mpaka waishe. Wenyewe walidhani anaona haya kwa sababu ya majirani. Hawakumuuliza. Wakifika kliniki walikuwa wamechoka kuliko mgonjwa, na hapo bado kumshusha, kumpandisha tena, kumshusha tena nyumbani.

Wiki moja kaka alisafiri kikazi, na dada akaenda peke yake na baba. Kumpandisha nyumbani, muuza duka wa jirani alimsaidia. Kurudi ndiko kulikomshinda. Aliegesha kwenye mteremko nje ya kliniki, akafungua mlango wa mbele, akamkumbatia baba kwa nyuma kama alivyozoea kufanya kaka yake. Alipomwinua, kiuno chake mwenyewe kikashikwa na maumivu makali. Wote wawili wakateleza taratibu kando ya gurudumu mpaka wakakaa chini, baba mapajani mwa binti yake, vumbi likiwaingia. Watu walikuja mbio, wakawainua, wakawapa pole nyingi. Nyumbani Refa aliomba maji, na alipoletewa hakuyanywa.

Kaka aliporudi alimkuta dada amelala sakafuni kwenye mkeka, sare zisizo na vifungo zimerundikwa juu ya mashine. Dada alimwambia gari liuzwe. Kaka akasema likiuzwa yeye atafanyaje kazi, na kazi ndiyo inayolipa kliniki. Dada akasema basi lipeleke huko porini lilikozaliwa. Wakaendelea hivyo kwa sauti za chini, za watu waliochoka hata kugombana, kila mmoja akirudia alichokwisha kusema juzi na mwaka jana. Kaka akaanza tena kusifu urefu wa gari, kwamba angalau mzee akikaa mle anaona mbali, anaona juu ya kuta za watu.

"Mimi hamjaniuliza," alisema Refa kutoka kwenye kiti chake.

Wakamgeukia.

"Gari halina ubaya. Ni refu, sawa. Ninachochukia ni kubebwa." Maneno yalimtoka polepole, mdomo wake ulikuwa bado mzito upande mmoja. "Tangu lini refa akabebwa kuingia uwanjani? Nipeni muda, nitaingia mwenyewe. Hata kama ni saa nzima."

Kaka alitaka kumweleza kwamba haiwezekani, urefu wa sakafu ni huu na mguu unainuka hadi hapa. Dada alimtazama kwa jicho ambalo kaka alilijua tangu utoto, naye kaka akaacha.

Katika simu, kaka alikuwa kwenye kundi la wenye magari ya aina ile. Huko watu walibishana kutwa kucha kuhusu mambo yale yale: mlango wa nyuma, saa ya darini, vioo vya nyuma visivyofunguka. Dada alichukua simu ya kaka yake akaandika swali lake mwenyewe. Mzee asiyeweza kuinua mguu anapandaje gari hili bila kubebwa? Majibu ya kwanza yalikuwa utani. Mmoja alishauri winchi. Mwingine, daktari wa meno, alisema yeye mwenyewe ana miguu mizima na bado hupanda kama anayeparamia ukuta wa mwenye mbwa. Dada alicheka, kiuno kikamuuma, akaacha kucheka.

Kesho yake asubuhi simu ya kaka ikalia, dada akaipokea. Alikuwa mwanamke wa kundini, mfanyabiashara wa kokoto, na kundi zima lilimwita Mama Kokoto. Alisema alikuwa na jipu kama lile na mume ambaye miaka yake ya mwisho hakuweza kukunja goti. Naye alilichukia, tena alilitukana kila asubuhi kabla ya kuliwasha.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Usihangaike kumpandisha mtu. Lishushe gari. Wanaume wa kundini wanajisifu kwamba linalala ubavu bila kuanguka. Basi lilaze. Litie mtaroni."

Nje ya nyumba kulikuwa na mtaro mkavu wa maji ya mvua. Kaka alipinga, kisha akatoka kuuangalia, kisha akaenda kuazima jembe, ndipo dada akajua amekubali. Kaka aliingiza magurudumu ya kushoto mtaroni polepole, na jipu likainama kama ng'ombe anayetaka kulala. Mara ya kwanza mlango uligonga ukingo na haukufunguka. Kaka akashuka akachimba, akajaribu, akachimba tena, shati limemganda mgongoni. Mara hii mlango ulipita, ukikwaruza udongo kidogo tu, na sakafu ya gari ikawa karibu sawa na ukingo wa mtaro.

Refa alisogea na fimbo yake. Akageuka, akakipa kiti mgongo, akakaa. Hapo mguu mzima aliuvuta ndani bila shida. Ule mwingine ulibaki nje, na akawa anauvuta kwa mkono wa kulia, akishika kitambaa cha suruali, akipumzika, akiuvuta tena. Muuza duka alitaka kuja kusaidia, dada akamwonyesha kiganja. Kaka alisimama na jembe lake akitazama chini, kwa sababu hakuweza kutazama kule. Jua lilikuwa limeshapanda sana mguu ulipoingia.

Walichelewa kliniki siku hiyo, na mlinzi aligomba walipoegesha magurudumu mawili kwenye bustani ya maua, iliyokuwa chini kuliko njia, ili Refa ashuke mwenyewe. Kaka alimwomba radhi kwa maneno mengi. Dada alibaki kitini. Kiuno kilimuuma, sare zilimsubiri, na alijua kwamba kuanzia sasa kila safari itakuwa ndefu mara mbili. Bado alilichukia lile gari, na jioni aliwaandikia hivyo watu wa kundini, akamshukuru Mama Kokoto katika ujumbe huohuo.

Hali ikawa hiyo kwa msimu mzima wa kiangazi. Mguu wa Refa haukupona sana. Daktari wa mazoezi aliwaambia wazi kwamba labda ndipo ulipofikia, wakaitikia, wakarudi nyumbani. Mvua zilipoanza mtaro ukajaa, na kaka akaanza kuzunguka mtaani jioni baada ya kazi, mwavuli mkononi, akitafuta ukingo mwingine. Siku moja alirudi akasema ameona mmoja nyuma ya ghala la saruji, mrefu wa kutosha, ila pana matope. Refa aliuliza kama matope yenyewe ni mazito. Kaka akasema si sana. Dada akaenda kumtafutia baba yake viatu vya mpira.