Utani wa Bibi Ulivyotiwa Mashineni

Mpimaji alifuta kiti chake, akavaa glavu, akawasha kompyuta. Kazi yake ilikuwa kusoma vichekesho vilivyotungwa kwa Kiswahili na mashine ya mazungumzo, ile inayojibu watu kwenye simu, kisha abonyeze kama kila kimoja kinachekesha au hakichekeshi. Kisichochekesha kilidondoka kutoka kwenye kioo, puu, mezani: kibonge cha kijivu chenye utelezi, mfano wa pafu la ng'ombe lililosahaulika juani, kinachonuka maji ya deki. Wafanyakazi walivizoa wakavitia ndooni, wakaendelea na chai.

Siku hiyo kilidondoka kichekesho cha kuku aliyevuka barabara. Kabla ya kuku, bwana mmoja aliyeingia baa. Huko vilikotoka, kwa lugha nyingine, watu walicheka. Mashine ilivifikisha Kiswahilini vikiwa maiti, halafu chini yake ikaeleza kwa adabu kwa nini msomaji anapaswa kucheka.

Msimamizi alisema ndoo zinajaa mno. Kila mtu alete utani wa nyumbani kwao, mashine ijifunze.

Mpimaji hakuhangaika. Alikuwa akimuuguza bibi yake mzaa mama, kikongwe asiyeshuka kitandani, na kikongwe huyo hakumeza tonge kabla ya kumtania mjukuu. Babu alikufa zamani, ila wao waliendelea kumgombania. "Mke mwenza," bibi husema, "na miguu hiyo kama mipini ya jembe, mume wangu alikuokota wapi?" Mjukuu hujibu kwamba babu alichoshwa na kubusu fizi. Bibi hucheka hadi akohoe, kisha hufungua mdomo ale.

Mpimaji aliuandika wote, neno kwa neno.

Mashine ilimpa pole kwa manyanyaso ya nyumbani. Ikamshauri amwone mtaalamu wa ndoa. Kisha ikautoa utani wenyewe, umeoshwa ukatakata: "Mke mwenza, miguu yako ni mizuri kwa namna yake." Ukadondoka mezani. Huo ulikuwa na joto, kama kitu kilichotolewa sasa hivi kinywani mwa mtu.

Jioni alimkuta bibi ameegemea mto, mikono imekunjwa kama ya mgeni.

"Mke mwenza, leo hunitukani?" mjukuu alimchokoza.

"Samahani kama niliwahi kukukera," bibi alisema. "Kila mwili una uzuri wake. Kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

Alipolishwa, alishukuru vizuri sana, na uji ukamtiririka kidevuni.

Kesho yake mpimaji alimwomba msimamizi arudishiwe utani wa bibi. Msimamizi, huku akichokonoa meno, alisema umeshasambazwa, na watumiaji wameusifu kwa heshima yake. Kama anataka kile kibonge, achukue, ndoo haijamwagwa. Akauliza kama kwao hakuna babu mzaa baba mwenye utani mwingine.

Mpimaji alikichagua kibonge kwa joto lake, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaenda nacho nyumbani. Alikiosha mara mbili. Utelezi haukutoka. Akamwekea bibi ulimini.

Bibi alitafuna taratibu, akameza, akajifuta mdomo.

"Kinachekesha," alisema, "kwa sababu mume tunayemgombania ni marehemu."

Hakucheka. Mjukuu alichota uji, akapuliza, akamsogezea kijiko. Bibi alimwambia asante, labda wakati mwingine.