Kujaa kwa Hewa ya Miezi ya Baridi

Kwa miaka kumi na mmoja dada mtu alirusha maputo katika kituo cha hali ya hewa, mara nne kwa siku, mvua isimzuie wala jua. Kila puto lilibeba kisanduku cha vipimo hadi stratosfea, juu kabisa kuliko mawingu, kikituma habari za joto na upepo mpaka puto lipasuke. Mdogo wake wa kike, ambaye dada mtu ndiye aliyemfundisha kusoma, alikwenda shule hadi akawa daktari wa elimu ya anga. Na udaktari huo aliupatia kwenye namba za maputo yale yale.

Jumatatu moja mdogo mtu alikuja kituoni na mchoro.

"Dada, tazama. Hewa ya juu hupwa na kujaa kila siku kama bahari, ila yenyewe husukumwa na joto la jua. Na kujaa kwake hubadilika kwa majira. Ona miezi hii ya baridi ilivyopanda! Hakuna aliyewahi kuliona hili."

Mkuu wa kituo akapiga makofi. "Kweli chanda chema huvikwa pete! Na wewe dada yake, hebu tuletee chai."

Chai akaileta, roho inamchoma. Alipokuwa akipanga vikombe aliitupia jicho ile miezi ya baridi, akaitambua. Msimu ule waliletewa vipimajoto vibovu, vilivyopata moto kila vikipigwa na jua. Puto la mchana lilisema uongo, la usiku likasema kweli, na tofauti yao ndiyo hiyo iliyoonekana kama kujaa. Aliyaandika yote katika daftari la zamu. Msomi hakuwahi kulifunua.

Akanyamaza. Jumanne akanyamaza, Jumatano vilevile, na haya hakuona. Mwache aanguke, alijisemea, nao wajue nani anaijua hewa hii.

Alhamisi mdogo mtu akapiga simu. "Kesho napeleka makala, dada. Nimewashukuru wafanyakazi wa kituo."

Wafanyakazi wa kituo! Dada mtu akauma meno.

"Mwenzangu mmoja kauliza kama namba nimezikagua," mdogo mtu akaendelea huku akicheka. "Nikamwambia zimetoka mkononi mwa dada yangu, nizikague za nini?"

Dada mtu akakata simu. Akalikwapua daftari la zamu akaenda ofisini kwa mdogo wake.

Mdogo mtu alisoma ukurasa ule mara mbili. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea kijicho. Sina neno jingine."

Walirudia hesabu wiki tatu, ana kwa ana mezani, bila kusemezana ila la kazi. Kile kilima cha miezi ya baridi mchoroni kilipungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kweli.

Makala ilipotoka ilikuwa na majina mawili. Dada mtu alilisoma la kwanza, la mdogo wake, kisha lake, na moyo ukamuuma upya.

"Bado nakuonea kijicho," alisema.

"Najua," mdogo wake akajibu, akimsogezea kiti. "Mimi nami bado nimekasirika. Kaa tule."