Mdhamini wa Toimus Ali

Huku kwetu Sylhet, Bangladesh, Toimus Ali alikuwa akijisifu kwamba ukirusha jiwe sokoni litampata ndugu yake. Alipika miaka mingi katika mikahawa ya Birmingham, akarudi kijijini na pasipoti ya Uingereza, akajenga ghorofa, akatulia. Kisha binti yake Nasima, aliyebaki kule, akashika mimba na kutaka baba awepo akijifungua. Toimus akaitoa pasipoti kabatini. Imekwisha muda.

Kuomba nyingine hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sura. Katika picha ya zamani alikuwa mnene mwenye masharubu meusi. Sasa kisukari kimemkausha, na ndevu nyeupe zimefika kifuani. Wenye pasipoti wakataka mdhamini athibitishe kuwa hao wawili ni mtu mmoja: awe mtu wa taaluma, awe amemfahamu zaidi ya miaka miwili, asiwe ndugu wala mkwe.

Daktari wa kijiji ni mtoto wa shangazi yake. Meneja wa benki kamwoa mpwa wake. Wakili wake ni binamu wa mkewe. Mfamasia si ndugu, lakini kahamia juzi juzi tu.

"Ukoo gani huu!" Toimus akafoka. "Hakuna hata mtu baki mmoja?"

"Yupo," akasema mkewe Shofikun, akimenya vitunguu. "Mwalimu Motaleb."

"Huyo? Bora nisisafiri!"

Motaleb, mwalimu mkuu mstaafu, alikuja toka Comilla, wilaya ya mbali, akiwa kijana, na mpaka leo kijiji kinamwita mgeni. Nyumba yake na ya Toimus zinatenganishwa na bwawa la samaki, na bwawa hilo limewapeleka mahakamani miaka tisa. Hoja ya Mwalimu ni kwamba mrithi halisi, aliyeachiwa bwawa na baba yake, alipotelea Uingereza. Huyu aliyerudi ni tapeli.

Jioni Nasima akapiga simu akilia. Asubuhi Toimus akavaa kanzu safi, akazunguka bwawa, akabisha hodi.

Motaleb akamkaribisha kwa tambuu, akasikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani.

"Kwa hiyo unataka niandike kuwa nakujua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe tapeli?"

"Mimi huyo huyo."

Mwalimu akazitazama picha mbili, moja moja. "Ulikuwa umenona, bwana! Samaki wangu walikufaa."

"Samaki wangu, Mwalimu."

"Haya, haya. Ukienda utakaa huko muda gani?"

"Miezi sita. Labda zaidi."

Motaleb akachungulia bwawa dirishani, akaomba kalamu. Akaandika kwa mwandiko uliopambwa kama cheti, na palipoulizwa kazi yake akajaza "mwalimu mkuu mstaafu", akapiga mstari chini yake. Tangu astaafu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Baada ya wiki kadhaa mama mmoja wa ofisi ya pasipoti akampigia simu kuhakikisha. Motaleb akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Namjua sana, mama. Anakoroma mpaka kwangu nasikia. Anakula kichwa cha samaki kwanza. Akikasirika anavuta sikio lake la kushoto."

"Ni rafiki yako?"

"Tunashtakiana miaka tisa, mama. Rafiki gani angeonana nami mara nyingi hivyo?"

Pasipoti ikatoka. Toimus, kwa furaha, akamsimulia wakili wake, na wakili nusura arukeruke. "Shemeji, kesi imekwisha! Kakiri kwa mkono wake mwenyewe!"

Toimus akavuta sikio la kushoto. Alijisikia vibaya, lakini bwawa ni bwawa. "Haya, kamuulize mahakamani," akasema, akapanda ndege.

Siku ya kesi wakili akasimama akitabasamu. "Mwalimu, ulithibitisha au hukuthibitisha kuwa mteja wangu ni Toimus Ali?"

"Nilithibitisha. Ni Toimus Ali, nani asiyemjua?" akajibu Motaleb. "Sasa ni mtoto wa baba gani, hilo yule mama wa pasipoti hakuniuliza."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu naye akainamisha uso kwenye faili, kisha akaahirisha kesi.

Shofikun alimsimulia mumewe kwa simu. Toimus alikuwa kamshika mjukuu wake mchanga. Akacheka mpaka Nasima akaja mbio kumpokonya mtoto.