Siku Saba Bila Kuanguka

Fundi wa kompyuta alipelekwa kwenye kituo cha kusafisha maji kwa siku mbili. Ndivyo karatasi ya safari ilivyosema, na ndivyo alivyomwambia baba yake alipokuwa akimtia dawa ya macho: "Siku mbili tu, baba. Ukishapasuliwa, daktari akikufungua bandeji, mtu wa kwanza utakayemwona ni mimi."

Sasa ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Kituo kilikuwa na kompyuta kuu moja, iliyopokea vipimo kutoka kwenye pampu na matangi. Mara kwa mara, bila hodi wala kwaheri, kiini cha mfumo wake, programu inayoziendesha nyingine zote, kiliporomoka, skrini ikajaa herufi nyeupe, na wahudumu wakaanza kukimbia tangi hadi tangi na kalamu mkononi. Kuna asubuhi ilianguka mara mbili. Kuna wakati ilitulia siku tano nzima, ina adabu zake, mpaka ukaanza kuiamini.

Kampuni ya fundi huyu ndiyo iliyoandika draiva, ile programu ndogo inayoielewanisha kompyuta na kadi yake ya mtandao, na dalili zote zilielekea huko. Lakini kila anguko lilitaja mstari tofauti wa programu. Ukimkamata huyu, kesho mwizi ni yule.

Mkuu wa kituo, mtu mpole asiyepandisha sauti, alikuwa na sharti moja: hasaini fomu ya kumruhusu kuondoka mpaka mashine ipitishe siku saba bila kuanguka. Ikianguka, hesabu inaanza upya.

"Si kwamba sikuamini wewe, dada fundi," alimwambia. "Siiamini mashine. Na wewe ndiye mdhamini wake."

Mara tatu alirekebisha, mara tatu akahesabu. Ilifika siku ya tano ikaanguka. Ikafika ya sita ikaanguka. Na leo, siku ya sita tena, ilianguka saa nne asubuhi mbele ya macho yake, kikombe cha chai kikiwa mdomoni.

Chumba cha mitambo hakikuwa na dirisha. Chumba alicholala kilipakana na stoo ya klorini, hata mto ulinukia bwawa la kuogelea. Wahudumu walishamzoea, wakamwita Mgeni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mhudumu wa pampu alimtania, mama mmoja mcheshi aliyekuwa pale miaka mingi. "Wewe tungekupa trekta kabisa!"

Fundi alicheka pamoja nao. Kisha akaenda chooni, akanawa uso kwa muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji.

Alipotoka, kaka yake alipiga simu. "Mzee anafunguliwa kesho. Nimemwambia huenda usiwahi, hataki kusikia."

Alikaa kwenye ngazi, simu mapajani. Yule mama akaja akakaa kando yake.

"Mwanangu, nikuambie kitu? Hiyo mashine hufa pampu namba tatu ikiamka. Si kila ikiamka. Lakini namba tatu ikiwa imelala, sijaona ikifa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nani aliniuliza?"

Fundi alichukua daftari la pampu, akalilinganisha na saa za maanguko. Yote yaliangukia dakika ambazo namba tatu iliamka. Akalala kifudifudi nyuma ya kabati la mashine, akaomba namba tatu iwashwe. Sakafu ilitetemeka chini ya kifua chake, na taa ya kijani ya kebo ya mtandao ikazimika, ikawaka, kama mtu aliyepepesa jicho. Kishikizo cha kebo kilikuwa kimevunjika.

Hakufurahi bado. Kebo kulegea ni jambo la kawaida. Mashine nzima kufa kwa ajili yake ni ugonjwa. Alirudi kwenye draiva, akaisoma upya mstari kwa mstari, na saa nane mchana akaliona kosa. Mawasiliano yakikatika, draiva ilirudisha nafasi yake ya kumbukumbu kwa kiini, na kiini kikaipa programu nyingine. Kumbe yakirejea upesi, kadi ilikuwa bado inaandika mle mle. Ni kama mwenye nyumba kupangisha chumba wakati mpangaji wa zamani bado yumo anapaka rangi. Siku chumba kikiwa kitupu, hakuna aliyeumia. Siku kina mtu, aliyekuwamo ndiye aliyekufa, na kila mara alikuwa mwingine.

Alimpigia bosi wake.

"Safi! Mwonyeshe mkuu hiyo kebo," bosi alisema. "Mtu akishika kitu mkononi huamini. Weka mpya, atasaini leo leo. Draiva tutaitazama polepole."

"Imo kwenye vituo arobaini, bosi."

"Kuna kilicholalamika?"

Aliingia kwa mkuu, kebo mpya mfukoni. Basi la mwisho lilikuwa saa kumi na moja. Alieleza habari ya kishikizo.

"Kwa hiyo ni kebo?" mkuu aliuliza, na mkono wake tayari ulikuwa unaitafuta kalamu.

Fundi aliutazama ule mkono.

"Kebo imeuamsha ugonjwa tu," alisema mwishowe. "Kosa ni letu, liko ndani ya draiva. Naanza kulirekebisha sasa hivi. Na kebo mbovu naomba ibaki, la sivyo hatutajua kama nimetibu au nimeficha."

Alitumaini kidogo kwamba mkuu angemhurumia. Mkuu aliirudisha kalamu mezani.

"Siku saba, basi."

Kesho yake baba alipiga mwenyewe. "Nimefunguliwa. Namwona kaka yako. Kumbe kazeeka hivi!"

Fundi alicheka, machozi yakimtoka.

"Uliniahidi," baba akasema.

"Niliahidi, baba. Nisamehe."

"Maliza kazi yako," baba akasema, akakata simu.

Siku zile saba zilikuwa ndefu kuliko zote kumi na tisa. Kila namba tatu ilipoamka, taa ya kebo ilipepesa, na yeye akasahau kupumua. Mashine haikuanguka. Siku ya saba mkuu alisaini, kisha akamwomba namba za simu za vituo vingine vyenye draiva ile, awaonye wakuu wenzake yeye mwenyewe.

Akiwa kituo cha basi, ujumbe wa bosi uliingia: kwa kuwa wewe ndiye unayeujua ugonjwa, vyote arobaini ni vyako, anza na cha jirani.

Aliandika: "Namwona baba kwanza." Akazima simu, akapanda.